Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu New York Arrows, mabingwa wa kwanza wa MISL, ligi ya soka la ukumbini Marekani

Kila nikimwonyesha mtu video ya zamani ya New York Arrows, swali la kwanza huwa moja: "Huu ni mpira gani huu?" Gozi jekundu, zulia la kijani, ukuta umezunguka uwanja mzima, wachezaji wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea kama abiria wanaodandia daladala, na ubao unasoma tisa kwa saba. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaweke mahali pamoja. Nimekaa zaidi kwenye misimu ya mwanzo, kuanzia 1978, kwa sababu utamu wote uko huko. Mwisho wake ni wa haraka na wa kusikitisha.

Arrows walicheza mchezo gani hasa? Ule wa kukumbatia mpira wa yai?

Hapana. Ni mpira wa miguu, huu wetu, ila ndani ya ukumbi. Mkanganyiko unatokana na Wamarekani wenyewe, ambao neno "football" wameshalipa mchezo mwingine. Huo mpira wa yai nao una aina yake ya kuchezwa ndani, na ligi yake ilianza 1987. Arrows hawahusiki nao. Wao walikuwa kwenye ligi iliyoitwa Major Indoor Soccer League, MISL kwa kifupi, iliyodumu kuanzia 1978 hadi 1992.

Basi ni futsali?

Sio. Futsali haina ukuta: mpira ukivuka mstari, umetoka. Tena mpira wa futsali umetengenezwa usidunde sana, na kila upande una watu watano. Mchezo wa MISL ulikuwa na sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, na ulichezwa ndani ya uwanja wa magongo ya barafuni, ubao wake na vioo vyake vikiwa palepale. Barafu ilifunikwa, juu yake likatandazwa zulia la nyasi bandia, basi.

Vipimo ni vya uwanja wa magongo: kama mita 61 kwa 26. Goli lilikuwa na upana wa futi 12 na urefu wa futi sita na nusu, yaani nusu ya upana wa goli la kawaida, na lilizama ndani ya ukuta. Muda ulikuwa robo nne za dakika 15. Sare haikuwepo, lazima mtu ashinde.

Wazo hili lilitoka wapi?

Lilitoka kwa Warusi, na bila wao kujua. Tarehe 11 Februari 1974, timu ya jeshi la Kisovyeti kutoka Moscow ilicheza na Philadelphia Atoms ndani ya ukumbi wa Spectrum, Philadelphia. Atoms walikuwa mabingwa wa NASL, ligi ya Marekani ya soka la nje, yaani la uwanja wa wazi. Warusi wakawafunga 6–3. Ila kilichoacha watu midomo wazi ni kwamba watazamaji 11,790 waliingia usiku wa majira ya baridi kutazama mpira wa miguu, katika nchi iliyosemwa haiupendi.

Miongoni mwa waliokuwa ukumbini ni Ed Tepper, aliyemiliki timu ya mchezo wa lakrosi mjini humo. Aliondoka na hesabu kichwani. Baadaye akaungana na Earl Foreman, mwanasheria aliyewahi kumiliki timu ya mpira wa kikapu na kuonja hasara ya michezo ya kulipwa. Ndio wawili walioanzisha MISL, na Foreman akawa kamishna wake wa kwanza.

Walianza na timu sita: New York Arrows, Cincinnati Kids, Cleveland Force, Houston Summit, Philadelphia Fever na Pittsburgh Spirit. Kids walicheza msimu mmoja wakafunga duka. Summit walihamia Baltimore mwaka 1980 wakawa Blast. Utaona mtindo huu tena na tena: timu za ligi hii zilihama kama wapangaji.

Mechi ya kwanza ilikuwaje?

Tarehe 22 Desemba 1978, ukumbi wa Nassau Coliseum, mjini Uniondale kwenye kisiwa cha Long Island, mashariki mwa jiji la New York. Arrows na Cincinnati Kids. Ndiyo mechi ya kwanza kabisa ya ligi, kwa hiyo Arrows wana bahati ya kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa historia yake. Walishinda 7–2 mbele ya watu 10,386.

Mpira wa kuanzia ulipigwa na Pete Rose. Ukimuuliza Mmarekani wa umri fulani kuhusu Pete Rose atakueleza mpaka chai ipoe: alikuwa nyota mkubwa wa besiboli, na alikuwa na hisa katika timu ya Kids. Kumwalika mcheza besiboli kufungua ligi ya soka kunakuonyesha waandaaji waliogopa nini. Hawakuamini kwamba mpira wenyewe ungetosha kuvuta watu.

Kwa nini mpira ulikuwa mwekundu?

Biashara. Ulikuwa mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, na kwenye zulia la kijani huwezi kuupoteza. Timu ziliingia uwanjani kwa moshi, taa na muziki wa kishindo miaka mingi kabla mambo hayo hayajawa ya kawaida kwenye michezo mingine. Wazee wa soka walinuna, watoto wakapenda.

Ukuta ulibadilisha nini kwenye mchezo?

Karibu kila kitu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu usipouelewa ukuta hutaelewa kwa nini Arrows walikuwa wakali kiasi kile.

Nilikua nikicheza chandimu kwenye uchochoro, upande mmoja nyumba ya jirani, upande mwingine uzio wa mabati. Hakuna aliyetufundisha, lakini kila mtoto pale alijua kwamba ukibanwa, unagongesha mpira ukutani, unamzunguka beki na kuuchukua mbele. Ukuta ulikuwa mwenzetu asiyechoka na asiyelaumu. Nilipoona Arrows kwa mara ya kwanza, nilimtambua mchezaji yule mara moja. Tofauti ni kwamba wao walilipwa.

Sasa fikiria mambo haya kwa pamoja. Mpira hautoki, isipokuwa ukiruka juu ya vioo, kwa hiyo hakuna kupumua. Shuti lililokosa goli halijapotea: linagonga ubao wa nyuma na kurudi kwenye eneo la hatari, mara nyingi kwa kasi ileile. Washambuliaji wazuri walipiga makusudi pembeni mwa goli. Kipa anaruka kushoto kuufuata mpira, mpira unagonga ubao, unatokea upande wa kulia, na hapo kwenye nguzo ya pili kuna mtu amesimama anausubiri kwa wayo wa kiatu. Haihitaji nguvu. Inahitaji kujua mpira utakuja kwa pembe ipi kabla haujapigwa.

Kuotea hakukuwepo. Badala yake mpira haukuruhusiwa kuruka hewani kuvuka mistari mitatu iliyokatiza uwanja bila kuguswa, ili makipa wasigeuze mchezo kuwa wa kubutua. Kubadilisha wachezaji kulikuwa huru na mchezo hausimami: mtu anakimbia dakika moja au mbili kwa pumzi yote, anarukia benchi, mwenzake anaingia. Na ukifanya faulo mbaya unakwenda kukaa kizimbani dakika mbili, timu yako ikibaki pungufu, kama kwenye magongo. Timu iliyokuwa na akili ilifunga magoli mengi katika dakika hizo mbili.

Mchezaji wa nje aliyezoea uwanja mpana angeingia humo na kuzunguka kama kuku mgeni.

Kwa nini Arrows walikuwa tishio tangu siku ya kwanza?

Timu ilizaliwa ikiwa na meno. Wengine walikusanya wachezaji huku na kule, wakawafundisha majina ya wenzao mazoezini. Arrows waliazima kikosi kilichokwisha kuivana: sehemu kubwa ya wachezaji ilitoka Rochester Lancers, timu ya NASL kutoka kaskazini mwa jimbo la New York, na kocha wao Dragan Popović, Myugoslavia ambaye Wamarekani walimwita Don, akaja nao. Majira ya joto walicheza nje kama Lancers, majira ya baridi ndani kama Arrows.

Popović alileta pia lugha ya pamoja, na simaanishi kwa mafumbo. Wayugoslavia walikuwa wengi kikosini. Pasi fupi, mguso mmoja, kutembea bila mpira: kwenye nafasi ndogo yenye kuta, shule ile ya soka ilikuwa kama imetengenezewa mahali pale. Timu zilizotegemea krosi na vichwa, kwa mtindo wa Waingereza waliojaa NASL wakati huo, zilikuta goli liko chini mno na winga hana pa kukimbilia.

Steve Zungul ni nani, na jina lake lina uhusiano wowote na "mzungu"?

Nusu ya pili ya swali nimeulizwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo: hapana, ni bahati tu ya masikio. Jina lake kamili ni Slaviša Žungul, alizaliwa 1954 katika mji wa Požega, ambao sasa uko Kroatia. "Steve" alipewa na Amerika.

Kabla ya hapo alikuwa mshambuliaji wa Hajduk Split, mmoja wa miamba ya Yugoslavia. Ameshinda ligi na makombe nao, ameichezea timu ya taifa. Tatizo lilikuwa kwamba Yugoslavia haikuwaachia wachezaji wake kwenda kulipwa nje kabla ya kufikisha miaka 28, na utumishi wa jeshi ulikuwa unamsubiri. Mwishoni mwa 1978 alikuwa na miaka 24. Akasafiri kwenda Marekani kama mtu anayekwenda mapumzikoni, kule akamkuta Popović na timu yake mpya. Hakurudi.

Hapa ndipo kisa chote cha Arrows kinapogeukia, na ni jambo ambalo wengi hulipita. Nyumbani kwao walikasirika, na kwa kanuni za FIFA hakuruhusiwa kuchezea klabu nyingine bila kibali cha klabu yake. Mlango wa NASL ulifungwa, kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa chini ya FIFA. MISL haikuwa. Kwa macho ya FIFA, mchezo wa ukutani haukuwa soka la kuhangaika nalo. Kwa hiyo mmoja wa washambuliaji hatari wa Ulaya, akiwa katika umri wake bora, alibaki na mahali pamoja tu pa kufanyia kazi yake: kwenye zulia, chini ya paa, Long Island. Kama FIFA wangeichukulia ligi ile kwa uzito, huenda hakuna ambaye angeulizia Arrows leo.

Wamarekani walimpachika jina la utani lenye maana ya "Bwana wa Vyote vya Ndani". Kwa Kiingereza lina mchezo wa maneno ambao hautafsiriki vizuri. Alikuwa ndani, na alikuwa hawezi kutoka.

Ni kweli alifunga magoli 108 kwa msimu?

Kweli. Msimu wa 1980–81, timu ikicheza mechi 40. Msimu uliotangulia alikuwa na 90, timu ikicheza 32. Msimu uliofuata, 103. Ule wa kwanza, ambao hakuuanza na wenzake, 43.

Kuna anayesema magoli ya ndani ni rahisi. Ni mengi zaidi, ndiyo, lakini urahisi ungemfaidi kila mtu, na hakuna mwingine aliyekuwa akikaribia takwimu zake kwa mfululizo namna hiyo. Ukimtazama, hashangazi kwa mbio wala chenga. Anasimama. Mara nyingi yuko kwenye nguzo ya pili, mgongo umegusana na beki, macho yako kwenye ubao wa nyuma na si kwenye mpira. Shuti la mwenzake linapiga ubao, linarudi, na yeye tayari amezungusha nyonga. Kipa bado yuko hewani upande wa pili. Goli. Ananyoosha mkono mmoja juu na kutembea kwenda benchi, kwa sababu zamu yake imekwisha.

Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mara sita, nne za kwanza akiwa na Arrows, mfululizo, 1979 hadi 1982. Na ilipofika 2023, Wamarekani wakamwingiza kwenye ukumbi wao wa heshima wa soka.

Na golini?

Shep Messing, mtu wa aina yake. Alisoma Harvard, alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Munich 1972 na timu ya Marekani, halafu akawa kipa wa New York Cosmos waliotwaa ubingwa wa NASL 1977, mwaka wa mwisho wa Pelé. Tena alikulia Long Island, kwa hiyo kwa mashabiki wa Nassau alikuwa mtoto wa nyumbani.

Kipa wa ndani anahitaji moyo wa mwendawazimu. Mashuti yanatoka karibu, yanakuja kwa wingi, na hata ukiokoa, ubao unaurudisha mpira miguuni mwa adui. Ukifungwa sita huwezi kuinamisha kichwa, maana huenda wenzako wamefunga nane. Messing alikuwa nalo hilo. Fainali ya 1979 dhidi ya Philadelphia Fever, aliyechaguliwa mchezaji bora hakuwa Zungul. Alikuwa yeye.

Kulikuwa na kina nani wengine?

Wa kukumbukwa zaidi ni Branko Šegota. Alizaliwa Rijeka, akalelewa Kanada, akajiunga akiwa bado kijana wa chini ya miaka 20, na mguu wake wa kupiga mashuti ulikuwa wa mtu mzima. Yeye na Zungul walikuwa kama uzi na sindano. Baadaye alikwenda Kombe la Dunia la 1986 nchini Mexico na timu ya taifa ya Kanada, fainali pekee walizokuwa wamefuzu mpaka 2022.

Walitwaa mataji mangapi?

Manne, na yalikuwa manne ya kwanza ya ligi: 1979, 1980, 1981 na 1982. Rekodi zao za msimu wa kawaida kwa miaka hiyo ni hizi: kushinda 16 na kupoteza 8, kisha 27 kwa 5, kisha 32 kwa 8, kisha 36 kwa 8. Soma tena hiyo ya pili. Mechi 32, wamepoteza tano.

Fainali ya 1980 waliifunga Houston Summit 7–4 katika mchezo mmoja. Ya 1981 ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ilichezwa St. Louis, nyumbani kwa Steamers, ukumbi ukiitwa Checkerdome, na Arrows wakashinda 6–5. Steamers walikuwa timu ya watu hasa. Kikosi chao kilijaa wachezaji wa Kimarekani, wengi wakiwa vijana wa mtaani wa St. Louis wenyewe, na mji ukawapenda kama ndugu. Halafu wakaja Wayugoslavia wa New York wakabeba kombe mbele ya macho yao. Mwaka uliofuata wakakutana tena, safari hii kwa mfululizo wa mechi tano, Arrows wakashinda tatu kwa mbili.

Basi mbona watu hawakujaa Nassau?

Hili ndilo swali gumu, na majibu yake ni zaidi ya moja.

Kwanza, jirani. Nassau Coliseum wakati huo ilikuwa nyumba ya New York Islanders, timu ya magongo ya barafuni. Arrows walishinda mataji manne kuanzia 1979. Islanders wakashinda Kombe la Stanley mara nne mfululizo, 1980 hadi 1983. Ukumbi mmoja, barafu ileile, mara juu yake zulia, mara wazi, na mabingwa wawili wa Amerika Kaskazini wakipishana mlangoni. Sijui ukumbi mwingine uliowahi kushiba namna ile. Lakini baba mwenye nyumba ya Long Island, mwenye fedha ya tiketi za jioni moja kwa wiki, aliwapeleka watoto kwa Islanders.

Pili, jiji. St. Louis au Wichita ukishinda, wewe ndiye habari ya mjini. New York kulikuwa na Knicks na Nets wa kikapu, Rangers wa magongo, timu mbili za besiboli, mbili za ule mpira wa yai, na kwa upande wa soka kulikuwa na Cosmos waliojaza Giants Stadium kwa majina kama Beckenbauer na Chinaglia. Arrows walikuwa sauti ya kumi kwenye redio.

Tatu, barabara. Uniondale si Manhattan. Hakuna kituo cha treni mlangoni pa Coliseum, lazima uwe na gari. Mhamiaji wa Queens au Brooklyn, yule aliyependa soka tangu tumboni, hakuwa na njia rahisi ya kurudi kwake saa nne usiku mwezi Januari. Waliokaa karibu na ukumbi walikuwa watu wa magongo, na waliopenda soka walikuwa mbali. Nadhani hili la tatu linasemwa kidogo kuliko linavyostahili.

Na kuna la nne, ambalo watu hunibishia. Arrows walishinda mno. Mechi ya timu inayopoteza tano tu kwa msimu haina kihoro. Kule St. Louis walikuja kuona kama watashinda, Nassau walijua.

Kulikuwa na ushindani na ligi ya nje?

Mkubwa, na ulikuwa wa kuviziana. NASL walipoona ukumbi unalipa, wakaanzisha msimu wao wa ndani mwaka 1979. Kwa muda kukawa na ligi mbili za ndani katika nchi ambayo haikuwa na uhakika kama inataka hata moja. Msimu wa 1982–83 timu tatu za NASL, yaani Chicago Sting, Golden Bay Earthquakes na San Diego Sockers, ziliingia MISL. Sockers wakachukua ubingwa palepale, wakimaliza utawala wa Arrows. NASL yenyewe ilicheza msimu wake wa mwisho 1984.

Ilianza kubomoka lini?

Msimu huohuo, 1982–83. Hasara ilikuwa imelundikana, na katikati ya msimu Arrows wakamwachia Zungul kwenda Golden Bay, California. Šegota naye akaishia kule, na Popović akawa kocha kule. Ni kama mtu aliyeuza mlango, dirisha na paa, halafu akaendelea kuiita nyumba. Rekodi ikawa kushinda 24 na kupoteza 24. Msimu wa mwisho, 1983–84, kushinda 20 na kupoteza 28. Majira ya joto ya 1984 timu ikafungwa.

Kwa Zungul mambo yalinyooka. Golden Bay kibali chake cha kucheza nje kilipatikana hatimaye, miaka mitano tangu aondoke Split, na mwaka 1984 akachaguliwa mchezaji bora wa NASL, ligi ikiwa kitandani inakata roho. Akahamia San Diego Sockers, akashinda mataji mengine ya ndani na tuzo mbili zaidi za mchezaji bora.

Arrows bado wapo kwa namna yoyote?

Hapana. Cosmos walijaribu MISL msimu wa 1984–85, wakajitoa kabla haujaisha. Mwaka 1986 Nassau Coliseum ikapata timu nyingine, New York Express, na miongoni mwa waliokuwa nyuma yake alikuwa Messing. Zulia lilelile, kipa yuleyule wa mataji, matumaini tele. Wakashinda mechi tatu, wakapoteza 23, wakafunga katikati ya msimu, Februari 1987.

Nikitaka kuwatazama, nianzie wapi na nitazame nini?

Zipo video za mechi za MISL za miaka ya mwanzo ya themanini kwenye intaneti, nyingi zimerekodiwa nyumbani kwa kanda, rangi zimefifia mpaka mpira mwekundu unaonekana wa waridi. Tafuta zile za Arrows na Steamers.

Dakika kumi za kwanza utachoka, macho yatakuwa yanaufuata mpira kama paka anayefuata nzi. Achana nao. Chagua mchezaji mmoja wa Arrows umfuate kuanzia anaporuka ubao mpaka anaporudi benchi. Kisha tazama upande ambao mpira haupo, kwenye nguzo ya pili. Namba yake mgongoni huenda isisomeke, ila utamjua kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakimbii.